Kiuno cha Tangazoni

Mtaani walimwita Fundi Kichwa, kwa sababu vipimo vya wateja aliviweka kichwani, si daftarini. Ukimwambia aandike, anakutazama kana kwamba umemtukana. "Daftari ni la wasahaulifu," husema, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. Kwa miaka kumi na saba kichwa hicho hakikuwahi kumwangusha, na yeye hakuchoka kutukumbusha.

Jumamosi hiyo alikuwa na kazi moja tu: gauni la harusi la mdogo wake. Kitambaa kilinunuliwa na marehemu mama yao, akakifungia sandukuni akisema kitindamimba wake ataolewa nacho. Kilikuwa mita nne, na hapakuwa na ya tano kokote duniani. Asubuhi fundi alimpima mdogo wake: kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na sita, nyonga arobaini na nne. Akavimeza vipimo, akamruhusu aende zake.

Kabla ya kushika mkasi, akataka kuhakikisha namna ya kukunja mikono ya puto, ile inayovimba begani. Dakika mbili tu, simuni.

Simu nayo ina ukarimu wake: ukiiomba mkono, inakupa mwili mzima. Kwanza akatokea binti mwenye meno meupe, akamuuliza kama amechoshwa na tumbo lake. Fundi alikuwa hata hajalifikiria. Sasa akalifikiria. Akatafuta alama ya kufunga tangazo, ambayo kwa hisani ya wenyewe ilikuwa ndogo kama yai la chawa, akaikosa, akajikuta dukani kwa binti. Akarudi. Video ya mikono ikacheza sekunde tisa, kisha binti yuleyule: "Kiuno inchi ishirini na nane kwa siku ishirini na nane." Ikaja krimu ya makunyanzi, akajishika shavu. Likaja godoro la wanandoa wenye furaha. Akakumbuka mumewe anavyokoroma, akamchukia mtu wa watu ambaye hata hakuwepo kujitetea. Halafu binti tena, na ishirini na nane zake.

Dakika mbili ziliisha baada ya saa moja na nusu. Mikono ya puto hakuiona. Alichovuna ni tumbo, makunyanzi, mume mbovu na hasira asiyojua ni ya nani. Akashika chaki na hasira yake, akachora, akakata, akaunga kwa sindano. Kichwa kilimpa namba bila kusita, kama kawaida yake.

Jioni mdogo wake akaja kujaribu. Gauni likapita kifuani, likafika kiunoni, likagoma. Mgongoni pande mbili zilitazamana kwa mbali kama majirani waliokosana. Fundi akavuta. Akamwambia abane pumzi. Mwishowe akapima kitambaa, akaona ishirini na nane. Alijua namba hiyo imetoka wapi.

Mdogo wake hakulalamika. Alijitazama kwenye kioo, akajishika kiuno.

"Kosa langu, dada," akasema taratibu. "Nimejiachia mno. Kuna dawa nimeiona kwenye simu, ya siku ishirini na nane. Harusi bado siku thelathini, nitawahi."

Basi Fundi Kichwa akawa amefunguliwa mlango wa kutokea, tena mpana. Angenyamaza tu, na sifa ya kichwa chake ingebaki palepale. Akamtazama mdogo wake anavyojibana mbele ya kioo, na aibu ikamchoma kuliko hasira yote ya mchana.

"Mwili wako hauna kosa," akasema. "Mimi nimekata kiuno cha tangazo. Nilikuwa kwenye simu, nikasahau cha kwako."

"Wewe? Umesahau?"

"Mimi. Na mama alinunua kitambaa kwa ajili yako, si kwa ajili ya yule binti."

Akaenda kabatini, akalitoa gauni lake mwenyewe la harusi, akaanza kulifumua ubavuni apate vipande vya kuongezea. Kisha akasita, akachukua daftari la hesabu la mwanawe, akapindua ukurasa wa mwisho. Akaandika: kiuno, 36.