Mishale ya Muhogo

…na hapa Wafaranki wanavuka mto Rhine, nachora mshale, mshale mnene kwa sababu chaki zimekwisha tangu mwaka wa tisini na moja na ninaandika kwa kipande cha muhogo mkavu, darasa zima linautazama kwa njaa, Wafaranki hawa wataliwa kabla ya kengele, na dirishani kaka yangu Hilaire amesimama na daftari la kamati ya mtaa, anaandika majina ya Wakasai watakaopandishwa treni warudishwe Kasai, «Philippe, train ni kesho, niandike bibi yako ao hapana?», subiri, Hilaire, niko kazini, niko karne ya tano… mke wangu Mwadi, aliyezaliwa hapahapa Shituru, hospitali ileile niliyozaliwa mimi, Kasai haijui hata kwa picha, lakini baba yake alitoka huko, basi, kila mtu kwao, na mimi mwalimu mzima asubuhi nikamwambia nenda kidogo tu, mambo yatulie, akaendelea kufunga sufuria kwa kitenge, kisha akanipa muhogo huu, «Kamata, utaandika na nini leo?»… endelea, Philippe, walikuwapo Wagallia, wakaja Warumi, wakaja Wafaranki, Wavandali wao walipitiliza wakaja kukaa huku Afrika, sijui kamati gani iliwapokea, na kabla ya Wagallia walikuwapo wengine, na kabla yao wakulima waliotoka mashariki na mbegu zao, na ukichimba zaidi… Carine wa dawati la mbele anainua mkono, «Maître, bale ba-Francs, balibarudisha kwabo lini?», waliwarudisha kwao lini, swali zuri, kitabu kinasema… kitabu hakisemi, natazama ubao, mishale kumi na mmoja, hakuna hata mmoja unaorudi, walioana, wakazaa, vitukuu wao wakaitwa Wabelgiji, wakaja hapa kutuuliza sisi tumetoka wapi, na babu yetu, Hilaire, babu alitoka ng'ambo ya mto Luapula kwa miguu, sufuria moja kichwani, nani alimwandika?… «Philippe! Niandike?», mkono wangu bado uko juu ya Rhine, Carine bado anangoja, Hilaire analamba ncha ya kalamu, na mimi mwoga tangu utoto naona aibu, aibu kubwa, halafu naona siogopi tena, nampenda yule mwanamke, basi, akimwandika Mwadi aniandike na mimi, chini yangu amwandike babu, halafu ajiandike mwenyewe, na kama hataki, cha kurudishwa kwao leo ni kipande hiki cha muhogo tu, jikoni kwa Mwadi…