Redio Iliyouzwa kwa Vipuri

Wa kwanza kuhama alikuwa kinyozi. Alikuja asubuhi kama kawaida yake, akaegemea mlango wa kibanda cha Daktari, akasalimia, akauliza hali ya watoto. Kisha akabeba kigoda chake na kuvuka nacho barabara.

"Naenda kupunga upepo kidogo," alisema.

Upepo! Kama vile upande huu wa barabara upepo umekatwa kwa kutolipiwa.

Daktari hakuwa daktari wa watu. Alikuwa fundi redio, na jina hilo alipewa na wateja zamani sana, kwa sababu kabla hajaifungua redio aliiwekea sikio, akafumba macho, akataja ugonjwa. Mara nyingi alipatia. Kibanda chake kilikuwa na meza moja na rafu tatu za wagonjwa waliojaa vumbi, lakini benchi la nje halikuwahi kukosa watu. Pale ndipo ilipojulikana nani kaposa na nani kakataliwa, na nani kahama nyumba ya kupanga akaondoka na kitasa cha mlango. Daktari aliipenda kazi yake, ila tuseme ukweli, alilipenda zaidi lile benchi. Ungemnyang'anya mita yake ya kupimia umeme na bisibisi angeishi. Mnyang'anye wasikilizaji, kwisha habari yake.

Na sasa benchi lilikuwa na paka tu, na paka mwenyewe anatazama ng'ambo.

Ng'ambo kulikuwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Mwanamke huyo alikaa kando ya meza ya Daktari miaka minne, akisafisha kwa spiriti hedi za kaseti, vile vichwa vinavyosoma utepe, na kuchomelea zile nyaya nyembamba ambazo macho ya Daktari yalikuwa yameanza kuzikosea. Watu wa benchi wakambandika jina la Nesi. Mwaka huu akasema anataka meza yake mwenyewe. Daktari akambariki mbele za watu kwa maneno matamu mno, maana haikumpitia akilini kwamba nesi anaweza kupata wagonjwa wake.

Tena vipuri vya kuanzia alimuuzia yeye mwenyewe. Kilichomtoa roho ni hicho.

Ilikuwa redio kaseti ya zamani, ndefu kama mkono wa mtu mzima, spika mbili kama masufuria, mpini wa chuma juu. Mwenyewe alikuwa dereva mstaafu wa malori, mzee wa maneno machache. Aliileta akasema imenyamaza. Daktari akaiwekea sikio. Akaifungua. Siku tatu aliipima kwa mita kila kona: taa zinawaka, kile kisindano cha kuonyesha sauti kinacheza, na sauti yenyewe hakuna. Siku ya nne benchi lilikuwa limejaa, wote wanamtazama mdomoni, na kulikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni "sijui." Neno hilo Daktari hakuwahi kulitamka pale, na hakutaka kuanza uzeeni.

"Aisii ya sauti, kile kidude cheusi cha kukuza sauti, imekufa," alisema. "Na aisii hii haitengenezwi tena popote duniani. Pole, mzee."

Watu wakatikisa vichwa kama walio msibani. Daktari akachukua kalamu nene nyekundu, akaandika mgongoni mwa redio kwa herufi kubwa: MFU. Dereva akasema basi, iuzwe hata vipuri, akaondoka na mikono mitupu. Nesi akaichukua kwa bei ya chuma chakavu, kwa ajili ya spika zake na vitufe.

Wiki mbili baadaye maiti ikaimba. Na haikuimba kinyonge! Ilitikisa madirisha ya duka la viatu. Mtaa mzima ukatoka kutazama. Nesi alikuwa ameiosha mpaka chuma kinang'aa, akaiweka juu ya meza yake, na kwa makusudi au kwa bahati mbaya, mgongo wa redio ukaelekea barabarani. Kwa hiyo kila anayepita alisikia muziki na papo hapo akasoma MFU, kwa mwandiko ambao mtaa mzima unaujua.

Baada ya kinyozi akahama muuza magazeti. Kisha, siku ya tatu, mkewe Daktari akatoka na ufumaji wake.

"Unakwenda wapi, mama watoto?"

"Kwa mdogo wangu. Nisimtembelee?"

"Mtembelee. Lakini mbona unamtembelea na kiti?"

"Baba watoto, nawe! Ulitaka nimtembelee nimesimama?"

Daktari akabaki anachokonoa redio ndogo ya mkulima mmoja, ambayo haikuwa na tatizo lolote zaidi ya betri. Alichokonoa hivyo hivyo. Mchana akamsikia mpita njia akiuliza fundi yuko wapi, na kinyozi, kinyozi yule yule aliyekula naye karanga miaka tisa, akajibu, "Daktari? Yule pale, mwenye redio kubwa." Akamwonyesha Nesi.

Usingizi hakuupata. Kilichomkera kuliko watu kuhama ni lile swali. Aisii kaipata wapi? Na kama hakuipata, basi alikuta nini humo ndani ambacho yeye, siku tatu nzima, hakukiona? Alitamani kuuliza mpaka ulimi ukamwasha. Lakini kuuliza ni kukiri.

Akavuka barabara kwa kisingizio cha kuazima spiriti.

"Karibu, shemeji!" Nesi akaruka kumfutia kiti. "Leo umetukumbuka. Nikadhani mpaka niugue."

"Kazi, shemeji. Kazi imenizidi."

Kinyozi akakohoa, akatazama lile benchi lenye paka.

"Naona hujafuta maandishi," Daktari akasema, akijitahidi kucheka.

"Nitafutaje mwandiko wako, shemeji? Mwalimu hafutiwi ubao."

Watu wakacheka, na Daktari akacheka nao, jino moja moja. Hakuweza kujua kama ameheshimiwa au ametukanwa, na hilo likamuuma zaidi. Akasimama pale na chupa ya spiriti mkononi, akisikiliza. Akafumba macho kidogo, kwa mazoea. Ndipo akakisikia.

Kaseti ilikuwa inakimbia. Kidogo sana, mtu wa kawaida asingegundua. Waimbaji walikuwa kama wana haraka ya kuwahi gari. Ile mipira ya kuzungushia kaseti ilikuwa imeoza, Nesi akatia mingine isiyo saizi yake, na mota hakuirekebisha. Kuna kiskrubu kidogo ndani ya mota, ukikigeuza robo tu mwendo unapungua. Daktari hakuwahi kumfundisha hicho kiskrubu. Hakumnyima, zamu yake haikufika tu. Au pengine alimnyima.

Akarudi kibandani na furaha imempanda kama homa. Alikaa kama mtu aliyeficha karata nzuri, akingoja siku yake.

Siku ikaja Jumamosi, saa kumi jioni, barabara imejaa. Dereva mstaafu alitokea akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika kaseti moja kwa mikono miwili. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Shikamoo, mzee," Nesi akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Humu yumo mke wangu," mzee alisema. "Alikuwa akiimba huku ananipigia pasi nguo za safari. Nilimrekodi kwa redio hii hii bila yeye kujua. Tangu imenyamaza sijamsikia, na yeye mwenyewe ndio hivyo, hayupo."

Mkewe Daktari akaweka chini ufumaji. Nesi akaitia kaseti kama anayemlaza mtoto, akabonyeza.

Ikatoka sauti nyembamba, ya haraka haraka, kama ya msichana wa shule anayekimbizwa. Mzee akasikiliza, kichwa kimeinama. Akasikiliza tena. Kisha uso ukambadilika.

"Huyu siye."

"Labda ni kaseti, mzee, imekaa sana..."

"Nasema siye! Mke wangu alikuwa na sauti nzito. Mmemfanya nini?"

Nesi alifungua mlango wa kaseti, akaufunga, akaifuta hedi, akabonyeza tena. Kale kasichana kakaendelea kukimbia. Kinyozi alianza kutazama viatu vyake.

Upande wa pili Daktari alikuwa amesimama mlangoni, na kila alichokiomba kilikuwa kimetimia. Angekaa kimya dakika tano tu, benchi lingejaa kabla ya magharibi. Lakini kukaa kimya kungempa ushindi usio na mashahidi, na Daktari hakuwa mtu wa ushindi wa aina hiyo. Alitaka wamwone. Akachukua bisibisi nyembamba kuliko zote, akavuka barabara taratibu, kifua mbele, watu wakampisha.

"Naomba nafasi, shemeji."

Akaifungua redio, akaipata mota, akaingiza bisibisi kwenye kile kitundu. "Washa. Mzee, wewe ndiye unayeijua sauti. Niambie."

"Bado," alisema dereva. "Teremsha. Bado. Kidogo tena... Hapo."

Sauti ya mwanamke ikatanda, nzito, ya taratibu, na nyuma yake pasi ikisikika ikigonga meza. Aliimba, akakosea maneno, akajicheka mwenyewe. Mzee akaketi juu ya sanduku la vifaa. Akafunika uso kwa viganja.

Daktari akanyoosha mgongo na kungoja. Akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Wote walikuwa wanamtazama mzee, na mke wa Daktari alikuwa analia wazi wazi, pua na yote. Mwisho dereva akainuka, akampita Daktari, akaushika mkono wa Nesi.

"Mwanangu, umenirudishia mtu wangu."

"Ni shemeji aliyerekebisha, mzee."

"Ahsante na wewe, fundi," mzee akasema, kama mtu anavyomshukuru aliyemshikia mlango, akarudi kwenye spika.

Watu waliposogea karibu na redio, Daktari akabaki na shemeji yake pembeni ya meza, na lile swali likamtoka lenyewe, kwa sauti ya chini.

"Aisii uliipata wapi?"

Nesi akamtazama kidogo. Akavuta droo, akatoa kipande cha shaba kisichofika nusu ya punje ya mchele, akakiweka kiganjani mwa Daktari.

"Sikubadilisha aisii, shemeji. Hii ni ncha ya pini ya hedifoni. Ilikatikia kwenye tundu lake. Nilikuwa nang'oa lile tundu niliweke kama kipuri, ikadondoka mezani."

Hakuhitaji kumalizia. Daktari alielewa yote kwa mpigo mmoja: redio ilidhani mtu amevaa hedifoni, ikafunga spika kwa heshima, ikaendelea kuimbia tundu. Taa zinawaka, kisindano kinacheza. Hata mtoto angechungulia pale.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Kinyozi?"

"Nimwambie kinyozi, nataka kutangaza?"

"Dada yako?"

"Hata dada. Wote nimewaambia niliipata aisii moja kwa taabu kubwa, mbali huko. Ya mwisho mwisho."

Daktari akakifumba kile kipande. Yeye angepata siri kama hii ya mtu, ingekuwa imezunguka mtaa mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na kwa mikono angeiigiza. Shemeji yake alikaa nayo wiki nzima, meza imejaa watu, na alimeza. Laiti angemtangaza! Angalau angepata haki ya kumchukia vizuri.

"Mnanong'ona nini nyie?" kinyozi akapaza sauti. "Nasi tusikie!"

"Habari za aisii," Nesi akajibu haraka. "Namwambia shemeji alivyosema kweli. Ilikuwa imekufa kabisa."

Vichwa vikageuka. Macho yote yakawa kwa Daktari, yakisubiri, kama zamani. Mtu akamsogezea kiti. Angefanyaje? Akaketi, akasafisha koo, akaanza kuwaeleza namna aisii inavyokufa, jinsi inavyoanza kwa joto, na kwa nini hata wataalamu wakubwa huogopa kuigusa. Alieleza kwa mikono miwili. Watu wakasema "aaah" palipotakiwa kusema "aaah," na kila aliposita, Nesi alimsaidia kutoka nyuma ya meza, kwa adabu, bila hata chembe ya kicheko:

"Ndiyo, shemeji. Hivyo hivyo."

Na kila akiitika, kile kipande cha shaba kilizidi kumchoma Daktari kiganjani, maana alikuwa amekikamata kwa nguvu zake zote.