Kuchungulia na Kuchunguza

"Usinidanganye mchana kweupe, Fundi! Bomba refu namna hiyo umelielekeza dirishani kwangu wiki ya tano leo, halafu uniambie unapiga picha mdudu?"

"Nyigu, Mama Pacha. Ni nyigu."

"Nyigu! Jamani, njooni msikie! Mzee mzima anachungulia madirisha ya watu, kisingizio chake nyigu!"

Hakuwa na haja ya kuita. Ghorofani pazia lilikwisha sogezwa zamani, na yule jirani ambaye uchochoro mzima ulimwita Redio alikuwa ameegemeza viwiko dirishani, habari ikimwingia ya moto moto.

Fundi Saa alisimama mlangoni kwake, mkono mmoja juu ya kamera kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Miaka thelathini na nane alifungua saa za watu kwa koleo jembamba kuliko njiti ya kiberiti, hadi mikono ilipoanza kutetemeka na skrubu zikawa zinaruka zenyewe chini ya meza. Akafunga kibanda. Watu walidhani sasa atakuwa mtu wa kulala mchana. Yeye akabeba saa zake mbili za ukutani mpaka kwa muuza kamera za mtumba, akarudi na kamera na lenzi nyeusi, nene, ndefu kama chupa ya chai.

Muuzaji alikuwa amemwekea lenzi mbili mezani. Ile fupi ilikuwa nyepesi, ya kupendeza, lakini ili mdudu ajae kwenye picha ilibidi umsogelee mpaka shubiri moja; kivuli chako kinamfunika, naye huyoo, kaondoka. Ile ndefu ilikuwa nzito, haiendi bila stendi, ila ilimvuta mdudu yuleyule ukiwa umesimama hatua nzima kutoka kwake. Fundi alichagua ndefu. Sababu ya pili hakuisema. Kati ya mlango wake na dirisha la Mama Pacha kulikuwa na mfereji wa upana wa hatua moja, na tangu mkewe afariki hakuwa na shughuli yoyote ng'ambo ya pili.

"Mimi sichungulii," alisema sasa. "Nachunguza."

"Toba! Redio, umemsikia? Ananichunguza!"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, shoga!" Redio alijibu kutoka juu.

Mama Pacha akashika ufagio. Kwenye pembe ya fremu ya dirisha lake palikuwa na donge la udongo, ukubwa wa yai, limekauka likawa gumu. "Basi leo namaliza kisa na mkasa. Naliangusha, tuone utachunguza nini."

"Mama, nakuomba." Sauti ya Fundi ilibadilika, hata Redio akainama zaidi. "Leo anatoka."

"Nani?"

"Mtoto. Mama yake alimjengea chumba kimoja kati ya vitatu, akamjazia buibui wa kula, akaziba mlango, akaenda zake. Tangu asubuhi anaguguna ukuta kwa ndani. Ukiangusha sasa, nimekaa wiki tano bure, na yeye pia."

Ufagio uliishia hewani. Mwanamke aliyelea pacha peke yake kwa cherehani hawezi kuambiwa neno hilo akapiga tu.

"Nionyeshe hizo picha," alisema. "Nikijiona humo na gauni la kulalia, ufagio huu utaujua."

Akauvuka mfereji. Fundi akamfunulia kioo kidogo nyuma ya kamera. Nyigu amebeba kidonge cha udongo mdomoni. Nyigu anapiga lipu. Nyigu kageuka ubavu, kiuno kama uzi.

"Heh! Kiuno hicho! Miaka yote nashona, sijawahi kuletewa kiuno hicho." Kisha akakunja uso. "Na hili la njano huku nyuma?"

Fundi akakohoa. "Hilo ni wewe."

"Mimi?"

"Lenzi hii ikikaza jicho mahali, inaona unene wa ukucha tu. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu. Ningetaka kukuchungulia, Mama, hii ndiyo ningeikataa ya kwanza."

Mama Pacha alipaswa kufurahi. Badala yake uso ulizidi kurefuka. "Yaani wiki tano nakaa pale kwenye cherehani, nimesuka, nimevaa nikavalika, halafu mimi ndiyo uji huu wa boga?"

Redio alicheka mpaka nusura aangukie uchochoroni.

"Nyamazeni!" Fundi alinong'ona. "Tundu hilo!"

Katika udongo palikuwa pamefunguka kitobo, na ndani yake kitu kilikuwa kinasukuma. Lakini jua lilikuwa limegeuka, na pembe ile imeingia kivulini. "Giza," alisema Fundi.

Mama Pacha aliuruka mfereji. Aliingia kwake mbio, akatoka na bitana nyeupe ya satini, akaitandaza juani kwa mikono miwili. Mwanga ukaruka juu yake ukatua kwenye donge.

"Hapo hapo. Kushoto kidogo."

"Mkono unaniuma!"

"Kidogo tu, mama."

Fundi alikuwa ameiweka kamera isubiri sekunde mbili baada ya kubonyezwa, mikono yake iwe imekwisha ondoka. Sekunde mbili alizijua kuliko mtu yeyote mtaani. Alibonyeza, akaachia, akahesabu. Kilitoka kichwa chenye vumbi, vikafuata vipapasio viwili, halafu mguu ukatafuta pa kushika. Akabonyeza tena. Kisha nyigu mzima alisimama juu ya nyumba yake, akajikung'uta, akaruka kupita juu ya mfereji.

"Vimebaki vyumba vingapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Viwili."

Akakunja bitana. Ufagio akauegemeza ukutani, mbali na dirisha. Ndani mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigonga kwa mvuke.

"Redio, shuka, usijifanye hukusikia harufu. Na wewe Fundi, wanangu wanakuja sasa hivi, waonyeshe huyo mtoto wa watu."

Fundi alikunja miguu mitatu ya stendi, akasimama ukingoni mwa mfereji, lenzi kifuani. "Nitakaa hapa tu mlangoni kwangu, Mama."

"Hapo ndipo unaponiona njano." Mama Pacha aliingia ndani, akamvutia kiti mezani, kilicho jirani na chake. "Karibu, Fundi. Karibu zaidi. Chakula kinapoa."