Kitabu Kimoja cha Kemia

Alhamisi ya wiki ya pili ya muhula wa pili, mwaka wa themanini na sita, zamu ya kitabu cha kemia ilimwangukia Mahfudha. Alikipokea kwa mwanafunzi mwenzake Laban pale langoni mwa shule, akakivisha gazeti, akaenda nacho kwao Shela, Malindi. Kidato cha nne kilikuwa na wanafunzi ishirini na sita na kitabu kimoja. Mwalimu Gerishom, mtu wa bara aliyesomesha kemia, alikipangia zamu kwa kufuata orodha ya majina, siku moja kila mtu, na anayekichelewesha alichapwa.

Baada ya sala ya alasiri Mahfudha aliketi barazani kando ya mamake, Bi Hindu, aliyekuwa akishona kofia. Alisoma sura ya gesi mara mbili. Mara ya tatu ikamwingia, na ilipomwingia, maandishi yakaondoka karatasini mstari baada ya mstari, kuanzia juu. Ikabaki michoro ya chupa peke yake.

Bi Hindu akatupa jicho. "Umemwaga maji?"

"La, mama. Nimeielewa."

"Haya, angalia usitie mafuta. Kitabu cha watu hicho."

Wenzake nao walisoma, tena kwa bidii, ila wao walikariri, na kitabu hakipungui kwa kukaririwa. Mahfudha ndiye aliyekuwa akielewa.

Asubuhi yake alimkabidhi aliyemfuata katika orodha, Easter Masha, msichana wa kijiji cha Adu aliyekaa kwa shangazi yake hapo mjini. Easter alifunua kurasa akasimama. "Shoga, mbona gesi hazimo?"

"Ninazo mimi."

"Basi nipe."

Mahfudha akampa. Wakati wa mapumziko, karibu na mfereji, alimweleza sura nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na Easter akaielewa vizuri. Kengele ilipolia, Mahfudha alizitafuta gesi kichwani mwake asizione hata moja. Kwenye jaribio la Ijumaa iliyofuata Easter alipata maksi zote za gesi, na Mahfudha akapata sufuri. Mwalimu Gerishom aliandika zile maksi kwa wino mwekundu bila kuuliza. Darasani alikuwa akifundisha kutoka kitabu kile kile, na alipofika ukurasa mtupu alisema, "Hii anayo Easter, tuendelee mbele."

Mambo yakawa ndiyo hayo. Elimu ya kemia katika darasa lile ilikuwa moja, kama kanga moja kwa madada wawili, akitoka nayo huyu yule hubaki ndani. Na kila mmoja wao alikuwa na pa kwenda nayo. Mahfudha alitaka kidato cha tano, na bila kemia hangekipata. Easter alitaka chuo cha uuguzi. Shangazi yake alikwisha kumwambia wazi kwamba asipopita, arudi Adu akashike jembe, kwani pale Malindi hakuna kula bure.

Vitabu vilikuwepo. Serikali ilileta ishirini na sita, kimoja kwa kila mwanafunzi. Ishirini na vitano vilipangwa ndani ya kabati la vioo katika ofisi ya mwalimu mkuu, Bwana Gharib, na ufunguo alitembea nao. Bwana Gharib hakuwa mwizi, na hilo lazima lisemwe, maana watu wa mji huu ni wepesi wa kusingizia. Alilelewa katika nyumba ambayo sahani nzuri hukaa rafuni zikingoja wageni, na watoto hulia bakuli la bati. Hakujua namna nyingine ya kukienzi kitu.

Mwalimu Gerishom aliwapeleka ofisini wasichana wote wawili. Wakaamkia, wakasimama. Alieleza kwamba kitabu kinaisha, sura ya gesi imo kichwani mwa mmoja wa hawa na wenzao hawana pa kuisoma.

Bwana Gharib alikipekua kile kitabu kwa ncha ya kidole. "Unaona sasa? Kimoja tu nimewapa, na tazameni mlivyokifanya! Je, ningetoa vyote?"

"Mtihani ni Novemba, mwalimu," Easter akasema.

"Na wakaguzi ni Oktoba. Waje wakute kabati tupu? Mgeni njoo, mwenyeji apone, binti yangu. Nendeni mkasome kwa juhudi."

Wakaenda wakasoma kwa juhudi. Mahfudha alipata zamu nyingine Julai na nyingine Septemba, na hakuweza kujizuia kuelewa. Alielewa metali, akaelewa asidi, akaelewa chumvi, ambazo kila mwaka hujaza nusu ya karatasi ya mtihani. Kilipomfikia Easter mwezi huo wa Septemba, kitabu kizima kilikuwa michoro mitupu. Easter alikishika zamu yake yote, kwa heshima, akakirudisha kwa wakati.

"Sikuombi vyote," alimwambia Mahfudha. "Nipe chumvi tu. Mimi nina gesi, nikipata na chumvi nitapita."

"Jumamosi," Mahfudha akajibu.

Jumamosi hakwenda. Alimtuma mtu kusema ana homa, na homa hakuwa nayo. Jumamosi ya pili alisema kuna arusi. Bi Hindu hakufurahi. "Mpe mwenzio. Elimu haipungui kwa kugawa, ndivyo tulivyofunzwa chuo cha Kurani."

"Hii inapungua, mama."

Bi Hindu alitia uzi sindanoni, akafikiri. "Basi haya," akasema, na hakulirudia tena neno lile. Mahfudha aliona haya. Usiku ule hata wali hakuumaliza, lakini chumvi alikaa nazo.

Oktoba wakaguzi walikuja, wakalisifu kabati. Novemba wakafanya mtihani. Easter aliandika gesi zote, vizuri sana, na mengine akayaacha wazi. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, aliyepita kemia darasa zima alikuwa mmoja. Bwana Gharib alimwita Mahfudha aje kuwaambia kidato cha nne kipya jinsi ya kujiandaa na mtihani. Alisimama mbele yao. Mwanafunzi wa kwanza katika orodha alikuwa na kile kitabu juu ya dawati, safi, kimevishwa gazeti.

"Someni mapema," Mahfudha akasema, na jingine hakuwa nalo. Wakampigia makofi.

Kidato cha tano alichopata kilikuwa Mombasa, na kule, aliambiwa, kila mtu ana kitabu chake. Basi kabla ya kwenda alipanda gari mpaka Adu. Alimkuta Easter shambani akitifua udongo kungoja masika. Walisalimiana, wakaulizana watu wa nyumbani.

"Nimekuletea chumvi," Mahfudha akasema.

"Mulungu wangu! Leo?"

"Leo."

Easter aliketi juu ya mpini wa jembe, akasikiliza. Mahfudha alimweleza chumvi zote, jinsi zinavyotengenezwa, zipi huyeyuka na zipi hukataa, na kila alichokisema kilimtoka. Akaongeza asidi na metali. Mwisho hakubaki na kitu, na bado ile haya ilikuwepo.

"Nimeelewa," Easter akasema. "Kumbe si ngumu!" Akajipangusa udongo mikononi. "Ningepita, Mahfudha."

"Najua."

"Hapa chumvi nitamwambia nani?"

Easter akainuka, akashika jembe akarudi kwenye mstari wake, kwa kuwa mvua ni Machi na sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bado.