Mwenye Nyumba kwa Siku Moja

Nilitia saini kwa sababu mtu aliniita mwenye nyumba. Ndiyo kisa chenyewe, na sina cha kujitetea. Tangu nimuoe Ridalin naishi nyumbani kwao, na kwetu huku kusini mwa jimbo la Meghalaya, India, hilo halimshangazi mtu. Nyumba ni ya mama, mama humwachia binti yake kitinda mimba, na mume huja na nguo zake na mikono yake miwili. Wanangu watatu, hadi Phidari, binti yetu kitinda mimba, wanaitwa kwa ukoo wa mama yao. Mlima ilipojengwa nyumba ni wa Ridalin, na mipopoo ninayoikwea kuangua popoo ni ya Ridalin. Hata jogoo anayeniamsha ni wa Ridalin.

Siku hiyo nilikuwa barazani peke yangu, nikipanga majani ya tambuu, alipofika Bwana Barthakur wa kampuni ya saruji. Shati lilikuwa limemlowa chepechepe, maana mvua ya kwetu haijui kupumzika. Nikamkaribisha kwa tambuu na chokaa, kama desturi.

"Samahani, wewe ndiye mwenye nyumba?"

Ningesema subiri, mama watoto yuko sokoni. Nikasema, "Ndiye mimi. Karibu sana."

"Basi mzee, huu mlima wako ni mali!"

Wako! Akafungua kitabu cha picha kilichochapishwa kwa ajili ya wawekezaji, cha kusifu utajiri wa jimbo letu. Ukurasa wa kwanza mvua na maporomoko. Wa pili daraja letu la mizizi hai, ambalo wahenga wa ukoo wa Ridalin walilisuka kwa mizizi ya mti ulio hai mpaka likavuka mto. Kisha machungwa, asali, pilipili manga. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mawe ya chokaa, yaleyale yaliyolala chini ya hayo mengine yote. Siku ile hilo sikuliona. Niliona kalamu tu, na mtu mwenye tai anayesubiri mimi niamue. Karatasi ilisema familia nzima imekubali mlima uchimbwe. Nikatia saini, tena kwa mwandiko mzuri.

Wiki mbili baadaye mashine ya njano, kubwa kuliko nyumba, ilisimama kando ya michungwa. Ridalin akaikuta akitoka sokoni, kikapu kingali mgongoni.

"Baba Phidari, hili dude nani kalileta?"

Nikakohoa.

"Nakuuliza wewe."

Nikamwambia yote. Laiti angenipigia kelele! Alitua kikapu chini, akasema polepole, "Mama aliniachia mlima huu nimwachie Phidari. Sasa mwanangu nimwachie nini, shimo?"

Mjomba wake Trosing, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alikuja asubuhi iliyofuata. "Mkwe," akaniambia, "ungeanza kwa kuuza jogoo kwanza, tukuzoee. Wewe unaanza na mlima!"

Shauri likapelekwa baraza la kijiji. Humo wanakaa wanaume watupu. Wanawake, ambao ndio wenye ardhi yote inayojadiliwa, husimama nje madirishani na kusikiliza, na anayefungua kinywa hutozwa faini. Ridalin alisimama kwenye dirisha lililo karibu nami.

Bwana Barthakur akaipunga karatasi yake. Mjomba Trosing akacheka. "Saini ya mume kwenye ardhi ya ukoo ni wino tu. Kitinda mimba hajakubali, na sisi wajomba hatujakubali."

"Karatasi inasema wote mmekubali," Barthakur akajibu, "na mtu wenu ndiye aliyethibitisha. Kama si kweli, basi kanidanganya, na nitamfunga. Muulizeni mwenyewe."

Kisha akaniinamia, akaninong'oneza, "Sema walikubali. Tutakujengea nyumba. Kwa jina lako."

Kwa jina langu. Jamani, nisiseme uongo tena: maneno yale yaliniingia mpaka moyoni. Lakini nilipogeuka nilimwona Ridalin ameshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili.

"Walikubali?" mwenyekiti akauliza.

Nikasimama. "Hawakukubali. Hawakuulizwa. Nilidanganya kwa sababu nilipenda kuitwa mwenye nyumba. Hapa sina hata mchungwa mmoja, na wanaume wote mliomo humu hamna, ila nyinyi mna akili ya kukaa kimya." Watu wakacheka, mimi nikazidi kupanda. "Nishtaki, Bwana Barthakur. Nifunge. Nitatoka na mvi zangu, na mlima nitaukuta palepale. Kitabu chako kinasifu daraja, kinasifu machungwa na asali. Unadhani vimesimama juu ya nini? Ukiondoka na hayo mawe ondoka na kitabu pia, maana hakitakuwa na cha kusifu!"

Uso ukamwiva. "Nyumba ya mke, watoto wa mke, mlima wa mke! Mtu mzima ovyo! Wewe una nini hapa?"

Swali hilo nimejiuliza miaka yote kumi na saba ya ndoa yetu.

"Ana mimi!"

Ilikuwa sauti ya Ridalin. Ukumbi mzima uligeukia dirishani.

"Ana mimi," akarudia, "na ana watoto watatu wanaomwita baba. Mpeleke mahakamani, tutakuja naye ukoo mzima, na vikapu vyetu mgongoni. Sasa toa dude lako kwenye michungwa yangu!"

Tangu baraza lile liwepo, hakuna mwanamke aliyewahi kusema mle. Mwenyekiti alipaswa kumtoza faini papo hapo. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akatuuliza kama kuna yeyote aliyesikia kitu.

Wanaume zaidi ya arobaini tukajibu kwa sauti moja kwamba hatukusikia.