Ndani ya Ukosi wa Koti

Walikwenda wawili, akarudi Ayoub peke yake. Aliingia nyumbani kwa Bi Hamda, Mkunazini, baada ya sala ya alasiri, mkono mmoja kashika begi lake na mwengine begi la Samir, na kabla hajatoa salamu Bi Hamda alishajua kuwa lililokuja si la heri. Mtu hubebewa begi lake akiwa mgonjwa au bwana harusi, na mwanawe hakuondoka nyumbani akiwa ama huyu ama yule.

Ayoub ana duka la simu Mlandege, na yeye na Samir ni marafiki tangu chuo cha Kurani, walipokuwa wakichapwa bakora moja. Alikaa, akakataa chai, akaeleza. Safari ilikuwa nzuri siku zote nane. Walionyeshwa masanamu, wakatembezwa makumbusho, wakala kabichi mpaka wakaichukia. Siku ya kurudi, kiwanja cha ndege, askari wakapapasa makoti ya wasafiri. La Samir walilipapasa mara mbili. Wakaleta wembe, wakachana ukosi, wakatoa kikaratasi kilichokunjwa kikawa kidogo kama ukucha. Ndani yake kulichorwa mraba wenye vyumba vyumba, na kila chumba kina tarakimu zake za Kiarabu. Wakamuuliza Samir ni nini. Samir akasema hajui.

"Na kweli alikuwa hajui, mama," alisema Ayoub. "Nlikuwa nnamtazama usoni. Lakini mtu unakutwa na siri nguoni mwako, unasema hujui, nani atakuamini? Wao wanasema ni lugha ya majasusi."

Bi Hamda alikuwa na kofia mapajani, anaitia viua kwa sindano. Alisema kichwa kinamuuma, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tuseme ukweli basi, maana yeye mwenyewe ulimchukua siku tatu kumtoka. Kikaratasi kile alikitia yeye.

Samir alikuwa mtembeza wageni. Miaka kumi na mbili aliwazungusha Wazungu kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, akawaonyesha milango, akawavumilia maswali, akapigwa picha mpaka sura yake ikawa imetapakaa dunia nzima na yeye hajavuka Dar. Aliwahi kuwa na mgeni aliyepiga picha pasipopigwa picha. Askari akamfokea, picha ikafutwa, na jioni ile ile mgeni akawa Forodhani anakula urojo. Basi Samir akadhani utalii ni huo huo kila mahali. Hapo simlaumu. Sisi tumelelewa kumpa mgeni mchele na panza siku ya kwanza, hatujui kwamba kuna nyumba ambazo mgeni akitoka hupekuliwa.

Nchi aliyoichagua ilikuwa imewafungulia watalii mlango hivi karibuni, na gharama zake ni rahisi. Ni nchi ya mtu mmoja. Picha yake iko kila ukuta, na asiyeipenda hasikiki tena. Samir aliitaka kwa sababu hakuna Muunguja aliyewahi kuitembelea, naye alitaka arudi awe na la kuhadithia barazani. Bi Hamda alimkataza. Dada yake, Afra, alimkataza pia. Yeye akacheka.

"Mama, mimi nnakwenda kutalii. Mtalii nani anamgusa?"

Wenye safari walimpa karatasi ya makatazo, naye akawasomea mama na dada baada ya chakula cha mchana. Usipige picha askari. Usitoke hotelini peke yako. Usilikunje gazeti lenye picha ya kiongozi. Usiingie na maandishi yoyote ya dini. Afra alicheka lile la gazeti mpaka akapaliwa. Bi Hamda hakucheka. Aliona hiyo ni nchi ambayo mtu hufungwa kwa kukunja gazeti, na mwanawe anakwenda huko kwa miguu yake miwili. Siku ya pili akavaa buibui lake akaenda Mwanakwerekwe kwa Maalim Borafya, akaandikishiwa hirizi ya msafiri, kama mama yake alivyomwandikishia baba yake alipokwenda Hijja, na bibi yake kabla ya hapo.

Lile katazo la maandishi ya dini alilisikia vizuri. Lakini kwake yeye maandishi ni kitabu, ni kitu mtu anakifungua akakisoma. Hirizi haisomwi. Hirizi ni kinga, huvaliwa, na mwenye kuivaa hana haja ya kujua kilichomo. Hakuona kuwa anavunja amri ya mtu.

Tatizo lilikuwa Samir mwenyewe. Aliivua hirizi yake ya utotoni akiwa na miaka kumi na saba, akasema ni shirki, na tangu siku hiyo lilikuwa neno lisilozungumzwa nyumba ile. Kumpa mkononi asingeipokea. Basi Bi Hamda akalichukua lile koti la mtumba alilonunua Samir Darajani kwa ajili ya baridi ya huko, akafumua ukosi, akaiweka hirizi bila ya ganda la ngozi ili isivimbe, akaufunga tena. Miaka arubaini anashona kofia. Alipomaliza, alipitisha ukucha juu ya mshono na ukucha haukukwama popote. Alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyokuja kumuumiza kuliko kitu chengine chochote.

Mtaa ulisema yake, kama kawaida ya mtaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema, mama mtu si alimkataza? Bi Hamda aliyasikia hayo dirishani siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alimwita Afra, akamwambia kwamba guu la Samir kalivunja mkuu mwenyewe, akamweleza yote. Afra hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa magotini mwa mama yake, wakalia pamoja.

Kesho yake wakaenda na Maalim Borafya kwenye ofisi inayoshughulikia raia walio nje. Aliyewapokea ni kijana anaitwa Himid, mwenye adabu, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja. Maalim alikuja na kalamu na wino wake. Aliuchora ule mraba mbele yake, akamwonyesha kuwa ukijumlisha kutoka juu kwenda chini, kutoka upande kwenda upande au mshazari unapata hesabu ile ile, na kwamba hakuna siri humo zaidi ya dua. Himid akaandika maelezo ya Bi Hamda kurasa mbili, naye akayatia saini. Alisema kama lazima mtu afungwe, wamrudishe mtoto wamchukue yeye.

Wiki tatu zikapita. Himid akawaita tena, safari hii Bi Hamda na Afra peke yao, na zile kurasa mbili zilikuwa bado ziko juu ya meza yake.

Samir alikuwa ameshahukumiwa. Miaka kumi na moja. Na alikuwa amekiri. Kasema kikaratasi kaandika mwenyewe, na katika koti kakishona mwenyewe.

"Samir hajui hata kutunga uzi kwenye sindano," alisema Bi Hamda.

Himid alijua. Alieleza polepole, macho kayainamisha. Maelezo haya yakienda, mahakama ile haitosema kijana hana hatia. Itasema alisema uongo mbele ya taifa kumficha mwenziwe, na wanaofungwa kwa hilo hawapigi simu wala hawaandiki barua. Yasipokwenda, serikali inaweza kuomba kimya kimya, na pengine siku moja ikapatikana huruma. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba karatasi ni ya Bi Hamda, na uamuzi ni wake.

Kwa hiyo ukweli ndio ungemzamisha Samir, na mama yake ndiye aliyekuja nao kwa miguu yake. Bi Hamda alizichukua zile kurasa. Alizichana mbili, akazichana nne, akavikusanya vipande vyote akavitia mkobani ili visibaki ofisini.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja Mlandege kwa Ayoub. Alitaka kujua jambo moja. Mtu aliyesema hajui, kwa nini tena aseme ni yeye? Ayoub alimwondoa mteja dukani, akakaa, akamweleza alichokuwa amekificha.

Samir aliposema hajui, askari alimsogezea ule ukosi, akamwonyesha kwa kidole namna ulivyoshonwa. Samir akautazama. Akapitisha kidole juu ya uzi, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Kisha uso ukambadilika. Mkubwa wao alikuwa na fomu mezani, anataka jina la baba, jina la mama, ndugu, na mtaa wanaokaa. Akauliza nani kashona.

"Akasema, mimi. Nlishona mimi, msimtafute mtu," alisema Ayoub. "Aliujua mkono wako, mama. Nlikuwa sitaki kukwambia."

Simu ilipatikana baada ya miezi saba. Dakika tano, asubuhi, ofisini kwa Himid. Waliruhusiwa Kiswahili kwa kuwa huko kutakuwa na mtu anayekielewa anasikiliza. Himid aliwasomea masharti. Kesi isitajwe. Kikaratasi kisitajwe. Na akaongeza la kwake mwenyewe, kwa upole, kwamba Bi Hamda asiombe msamaha kwa jambo lolote, kwani mwenye kusikiliza atauliza msamaha wa nini.

Miezi saba Bi Hamda alikuwa na neno moja tu la kumwambia mwanawe, nalo ndilo hilo. Alilala nalo, aliamka nalo. Alitikisa kichwa kuwa kafahamu.

Sauti ya Samir ilikuwa imekauka. Alimwamkia mama yake, akamuulizia Afra, akauliza kama masika yalinyesha. Bi Hamda akajibu kila swali. Akamuuliza anakula, akasema anakula. Akamuuliza baridi, akasema ashaizoea. Kati yao kulikuwa na mtu wa tatu anavuta pumzi.

"Mama," alisema Samir.

"Naam, mwanangu."

"Ulinikataza, nkakataa. Nipe radhi zako."

Neno la Bi Hamda lilimfika mdomoni. Afra, aliyekuwa amemshika bega, alilihisi likipanda mwili mzima. Mama hamuombi radhi mwana, dunia haikupangwa hivyo, lakini angemwomba, angepiga magoti mbele ya simu ile amwombe. Akalimeza.

"Radhi zangu unazo, baba. Zote unazo."

"Basi," alisema Samir, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Nlikuwa nnataka hilo tu."

Simu ikakatika, na dakika tano zilikuwa bado hazijatimia. Himid aliinuka, akatoka nje, akawafungia mlango. Afra akamuuliza mama yake, Samir alikuwa anataka nini?

"Kaniomba msamaha," alisema Bi Hamda. "Yeye, mimi."