Amri Isiyotaja Ndege

Mkurugenzi alikuja kwangu na wakili wa kampuni, na kabla hata hajaketi akaniita shemeji. Miaka yote mume wangu aliyomfanyia kazi sikuwahi kuwa shemeji yake. Wiki ile ya mazishi ndipo undugu ulipomjia.

Nilikuwa nimemwita pia mama wa yule binti. Binti alikuwa fundi chipukizi wa minara ya simu, mume wangu fundi mkuu, na walikufa pamoja ilipoanguka ndege ndogo ya mume wangu, aliyoirusha mwenyewe, wakienda kwenye mnara uliozimika. Tangu makaburini mama yule hakutaka kunitazama. Nilitaka jambo moja tu: asikie kwa kinywa cha mkurugenzi kwamba ni yeye aliyewatuma, asiendelee kuamini kuwa mume wangu alimchukua mwanawe kwenda kutalii angani.

"Kampuni ina kanuni," wakili alianza kwa upole. "Mfanyakazi haruhusiwi kusafiri kikazi kwa ndege yake binafsi. Hakuna aliyemruhusu marehemu. Alijiamulia mwenyewe."

Kanuni ilikuwepo, na pale ofisini kila mtu aliijua njia ya kuizunguka. Mkurugenzi hakutamka neno ndege hata siku moja. Safari hii pia alipiga simu jioni, akasema, "Kesho saa nne asubuhi uwe mnarani," akakata. Kwa gari, mnara ule ni safari ya siku mbili. Kila mnara ukishawaka, sifa zilimiminika: Mwewe wetu huyo, bila yeye tungefanyaje. Walimvika kilemba cha ukoka, naye, Mungu amrehemu, alikivaa mpaka mezani kwangu.

"Kwa gari ni siku ngapi mpaka kule?" nilimuuliza mkurugenzi.

"Shemeji, mambo haya yana utaratibu wake..."

"Nimeuliza siku ngapi."

"Mbili."

"Na ulimpigia lini?"

Wakili alimgusa goti. Mkurugenzi aliitazama picha ya mume wangu ukutani, kisha akatazama viatu vyake. Nadhani angekuwa peke yake angesema, na hilo liliniuma kuliko kama angenidanganya.

"Alipiga jioni," alisema mama wa binti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Mwanangu aliniambia akipanga begi lake. Aliyewatuma namjua, wala sikuja kumsikiliza huyu."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamevimba kama yangu.

"Nimekuja kukuuliza wewe, mwanangu. Asubuhi ile mumeo aliyaona mawingu?"

Ningeweza kusema sijui. Nani angenipinga? Wakili alikuwa ameinua kalamu, na mkurugenzi alikuwa ameacha kutazama viatu. Nilijua jibu langu lingewafaa nani. Lakini mama yule alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, na hakuna aliyekuwa amemwambia neno moja la kweli.

"Aliyaona, mama," nilisema. "Alisimama mlangoni na kikombe cha chai akayatazama mpaka chai ikapoa. Nilimwambia ampigie bosi, amwambie wataenda kwa gari. Akacheka. Akasema, 'Nikimpigia hivyo, kuanzia leo wataniita Kuku.'"

Wakili aliandika. Mkurugenzi akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na nilimchukia kwa pumzi ile kuliko kwa yote aliyoyafanya. Walipoaga, sikuwasindikiza.

Mama wa binti hakuondoka nao. Alikaa kwenye kochi upande wangu, akavua viatu, akasema, "Ahsante." Halafu tukalia, kila mmoja na wake.